Kaunta za jikoni zinazodumu: mwongozo kwa nyumba za kupanga Gitega na Muyinga

Miongoni mwa sehemu za nyumba ya kupanga zinazochakaa mapema ni kaunta ya jikoni, yaani ile meza iliyojengewa ukutani, ambayo juu yake hukatwa mboga, husukumwa chapati, huoshwa vyombo, hutuliwa bidoni la maji la lita 20 na, jua likichwa, huenda likawekwa jiko la makaa lenyewe. Mpangaji mmoja huondoka, mwingine huingia na mazoea yake, nayo kaunta hubaki pale pale. Ikiwa ilichaguliwa kwa kutazama sura tu, mwenye nyumba huijenga upya baada ya wapangaji wawili au watatu, na mpangaji hujikuta akikatwa fedha za dhamana kwa ufa au doa ambalo pengine alilikuta.

Suala hili lina uzito wa pekee katika miji hii miwili. Gitega, tangu Bunge lilipoidhinisha mwezi Januari 2019 iwe mji mkuu wa kisiasa na Bujumbura ibaki mji wa uchumi, imekuwa ikipokea watumishi wa serikali na familia zao, ambao hutafuta nyumba za kupanga katika mitaa kama Magarama, Nyamugari na Musinzira. Muyinga, ambayo katika mgawanyo mpya wa mikoa mitano imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, iko kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero. Kwa hiyo huona wafanyabiashara na madereva wakipita, pamoja na malori yanayoleta vifaa vya ujenzi kutoka upande wa Dar es Salaam. Wamo wenye nyumba ambao kodi ya nyumba moja tu ndiyo tegemeo lao la uzeeni. Kwao kaunta iliyopasuka ni mwezi mzima wa kodi uliopotea.

Vitabu na magazeti ya mapambo ya nyumba huanza na rangi na mng'ao. Katika nyumba ya kupanga swali la kwanza ni jingine: kaunta ikiharibika, ni fundi gani wa mjini humu atakayeitengeneza, na kwa vifaa vinavyopatikana wapi? Jibu la swali hilo huondoa mapema nusu ya bidhaa zinazosifiwa madukani.

Maadui wa kaunta

Adui wa kwanza ni moto. Kaya nyingi za miji hii hupikia makaa, na jiko la makaa, mbabura kama wengi wanavyoliita, hutoa joto kali kutoka chini na pembeni. Sufuria ya maharagwe iliyotoka motoni hutuliwa juu ya kaunta bila kifaa cha kuikinga. Mbao zilizobandikwa karatasi ngumu ya plastiki huvumilia joto la nyuzi 180 hivi kwa muda mfupi tu. Makaa yaliyowaka hupita mbali kiwango hicho.

Adui wa pili ni mafuta ya mawese. Rangi yake nyekundu hutokana na karotini, na mafuta hayo yakiingia ndani ya saruji au jiwe lenye vinyweleo, sabuni ya kawaida haiyafikii tena. Nyumba inayopika sombe kila wiki itaacha alama, hata mpishi awe msafi kiasi gani. Wa tatu ni tindikali ya limau, siki na nyanya. Saruji ina asili ya chokaa, na tindikali huila polepole: mng'ao hupotea kwanza, kisha uso huwa mkwaruzo kama msasa. Kipande cha limau kilichosahauliwa usiku kucha juu ya saruji au marumaru huacha umbo lake pale kilipolala.

Yapo pia mapigo ya kinu, uzito wa mabidoni ya maji yanayojazwa kwa siku ambazo bomba halitoi kitu, na chumvi ya ndagala. Katika nyumba za Waswahili kuna mwezi wa Ramadhani, ambapo unga hukandwa na chapati na sambusa hutengenezwa kila alasiri kwa siku 29 au 30 mfululizo. Kaunta ambayo ni nyororo na safi humtosha mpishi kusukumia chapati moja kwa moja, na hilo ni jambo ambalo mwanamke anayekagua nyumba ya kupanga hulitazama kabla ya kuuliza kodi.

Bamba la chini

Fundi mzuri hutumia muda mwingi kwenye kile ambacho hakitaonekana. Kaunta nyingi zinazopasuka hazikosi vigae vizuri. Hukosa bamba imara chini yake. Ubao uliofunikwa vigae hupinda kidogo kila bidoni linapotuliwa, na kigae hakijui kupinda. Viungo hufunguka, maji huingia, ubao huvimba, na baada ya hapo kinachosalia ni kubomoa.

Msingi unaofaa katika mazingira haya ni bamba la zege lililolazwa juu ya kuta fupi za matofali ya kuchoma, ambayo hupatikana pande zote mbili bila shida. Unene wa sentimita 7 unatosha, mradi kuta hizo zisiachane zaidi ya mita moja. Ndani hupangwa nondo za milimita 8, zikiachana sentimita 15 hadi 20 na kuvukana kama wavu. Nondo zikae sehemu ya chini ya bamba, kwa sababu ndipo zege linapovutwa uzito unapolemea juu yake, lakini zifunikwe kwa zege la sentimita 2 angalau. Nondo iliyo karibu mno na uso hupata unyevu na chumvi, hushika kutu, na kutu ikivimba huirusha saruji vipande vipande.

Mchanganyiko uliozoeleka ni kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto. Hesabu yake ni nyepesi kuliko wenye nyumba wengi wanavyodhani. Kaunta yenye urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7 ina ujazo wa mita za ujazo 0.1, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 katika uwiano huo hutoa zege la mita za ujazo 0.15 hivi. Mfuko mmoja basi unatosha kwa bamba, na wa pili hutumika kwa matofali na kumalizia uso. Anayeletewa orodha ya mifuko mitano kwa kaunta ya ukubwa huo ana haki ya kuuliza mitatu inakwenda wapi.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi nyingi. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 ni kiasi cha kutosha, na katika majira ya mvua, ambapo mchanga huja tayari umeloa, yapunguzwe zaidi. Zege lililo jepesi kama uji humwagika kwa urahisi na kumfurahisha kibarua, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vinyweleo, na humo ndimo mawese yatakamopita. Mchanga wa mtoni au bondeni mara nyingi huwa na udongo. Njia ya kuupima haigharimu kitu: jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, uiache mpaka kesho yake. Tope litajilaza juu ya mchanga kama tabaka. Likiwa nene kupita sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga wote, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Baada ya kumwagwa, bamba lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa maji kwa siku 7, hasa kati ya Juni na Agosti ambapo upepo wa kiangazi hukausha uso kabla ndani hapajashika. Saruji hufikia nguvu yake inayohesabiwa baada ya siku 28. Mwenye nyumba mwenye haraka ya kuingiza mpangaji hukosea hapa kuliko mahali pengine popote.

Granito, vigae au jiwe

Juu ya bamba hilo kuna namna kadhaa za kumalizia. Iliyo rahisi kuliko zote ni saruji iliyopigwa niru, yaani kusuguliwa kwa mwiko mpaka iwe nyororo. Ni ya bei nafuu na hutengenezeka, lakini hunywa mafuta na huliwa na limau. Kwa chumba cha kupanga chenye kodi ndogo inaweza kukubalika, endapo mwenye nyumba ataihesabu kuwa kitu cha kusuguliwa upya kila nyumba inapokuwa tupu.

Granito ni hatua ya juu yake, na hapa jina linahitaji uangalifu. Katika Kifaransa cha mafundi wa ukanda huu, granito ni saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe na kusuguliwa mpaka mawe hayo yaonekane, kile ambacho Tanzania huitwa terazo. Graniti ni jiwe lenyewe, itale, lililokatwa kutoka mwambani. Herufi moja hutenganisha bidhaa mbili ambazo bei zake ziko mbali mno, na mnunuzi anayepatana kwa simu ni vyema atake kuona kipande kwa macho kabla ya kutoa faranga zake.

Granito iliyofanywa vyema ndiyo inayoifaa zaidi nyumba ya kupanga. Haina viungo vya kushika uchafu. Ikikwaruzwa husuguliwa tena. Ikimeguka ukingo, fundi huchanganya saruji na vipande vya mawe vya rangi ile ile na kuziba. Inavumilia sufuria ya moto. Vipande vyake viwe vya kwatsi au itale, kwa kuwa vile vya marumaru huliwa na limau sawa na saruji yenyewe. Rangi ya kijivu kilichoiva au nyekundu ya udongo huficha mawese, ilhali saruji nyeupe, inayopendeza siku ya kwanza, hutangaza kila tone. Ugumu wa granito ni mmoja: inahitaji fundi mwenye mashine ya kusugulia na subira ya kusugua mara tatu, kila mara kwa jiwe laini zaidi. Fundi huyo ni rahisi kumpata Gitega kuliko Muyinga, na kumsafirisha kwa kaunta moja ni gharama isiyo na maana. Wenye nyumba watatu wakikubaliana wajengewe kwa wakati mmoja, hesabu hubadilika.

Pale ambapo fundi wa granito hayupo, vigae, ambavyo wengi huviita makaro, ni chaguo la busara, kwa sharti moja ambalo hupuuzwa mara nyingi: kaunta hutumia vigae vya sakafuni, kamwe si vya ukutani. Tofauti iko ndani ya udongo wake. Vigae vigumu vya sakafu aina ya poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vile vyembamba vya ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10. Muuzaji huenda asijue, lakini kigae hujieleza chenyewe. Kigeuze, dondosha tone la maji mgongoni mwake, usubiri dakika moja. Tone likibaki limesimama, kigae kinafaa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, kirudishwe rafuni.

Vikubwa ni bora kuliko vidogo kwa sababu viungo hupungua. Kiungo cha milimita 2 hadi 3, kilichojazwa saruji ya rangi nyeusi au kijivu, hakitaonyesha mawese upesi, na fundi yeyote wa vigae ataweza kukikwangua na kukijaza upya. Vigae vibandikwe kwa gundi iliyotandazwa chini yote. Kupaka mafundo matano ya saruji chini ya kigae ni desturi mbaya: huacha mapango, na kigae hupasuka juu ya pango siku kinu kitakapotuliwa hapo. Kugonga kwa kifundo cha kidole hutosha kulijua, kwa kuwa palipo na pango hulia kama ngoma.

Jiwe la itale lenye unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, hudumu, na halitishiwi na limau. Hata hivyo, likivunjika njiani au likipasuliwa na mpangaji, lazima liagizwe jipya. Linafaa nyumba zinazopangishwa kwa kodi kubwa, kwa mashirika au kwa maofisa. Kwa nyumba ya kawaida, fedha hizo zitumike kwenye paa.

Kuhusu mabamba yanayotengenezwa kiwandani kwa unga wa kwatsi uliofungwa kwa gundi, sifa zake za kutopata madoa ni za kweli, ila gundi hiyo huungua kwa sufuria ya moto na alama haitoki. Liko pia suala la fundi. Unga wake ukikatwa bila maji huingia mapafuni na kuyafanya magumu, maradhi yasiyo na tiba. Australia ilipiga marufuku mabamba hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana wakata mawe walioumwa. Hata vigae na granito, vikikatwa, vinyunyiziwe maji na fundi afunike pua na mdomo.

Mbao hazihitaji maneno mengi. Mbao za vumbi zilizogandishwa na kubandikwa karatasi ya mapambo huvimba mara maji yanapofika ukingoni, na hazitengenezeki. Mkaratusi hupinda na kupasuka usipokaushwa kwa muda mrefu. Ubao mgumu kama mvule unafaa kama kibao cha kukatia kinachoondolewa, kioshwe na kuanikwa.

Kimo, ukingo na mahali pa jiko

Kimo cha sentimita 90 kilichoandikwa katika vitabu vya Ulaya kimepimwa kwa jiko la umeme au gesi lililozamishwa ndani ya kaunta. Mbabura yenye kimo cha sentimita 25 ikiwekwa juu ya kaunta hiyo, na sufuria juu yake, mpishi wa wastani hulazimika kukoroga ugali mikono ikiwa mabegani, na mtoto aliye karibu huwa chini ya sufuria inayochemka. Ndiyo sababu wapishi wengi huishusha mbabura sakafuni, nako mtoto huifikia kwa urahisi zaidi.

Suluhisho ni kujenga kaunta ya ngazi mbili. Sehemu ya kuandalia iwe na kimo cha sentimita 85 hivi. Pembeni, karibu na dirisha au mlango wa nje, iachwe sehemu ya upana wa sentimita 60 iliyoshushwa hadi sentimita 50, yenye ukuta mfupi upande wa mbele. Sehemu hiyo isiwekwe vigae. Itandikwe matofali ya kuchoma yaliyopangwa bila kubanwa na saruji ngumu, ili yaliyopasuka kwa joto yatolewe moja moja. Dirisha hapo ni la lazima, kwa maana hewa ya makaa haina harufu wala rangi na huua watu waliolala. Mpangaji mwenye jiko la gesi ataitumia sehemu hiyo hiyo bila tabu.

Ukingo wa mbele upitilize ukuta wa chini kwa sentimita 3, na chini yake fundi akwaruze mfereji mdogo. Maji yanayotiririka hukatika kwenye mfereji huo na kudondoka sakafuni badala ya kurudi kwenye ukuta. Kazi yake ni ya dakika chache zege likiwa bichi. Ukutani, vigae vipande angalau sentimita 30 juu ya kaunta, na pembe ambapo ukuta hukutana na kaunta ijazwe silikoni, kwa sababu kuta na bamba hazitembei pamoja na saruji ya kiungo hupasuka hapo kabla ya mahali pengine.

Doa ni la nani?

Mabishano mengi huzuka siku ya kurudisha ufunguo. Mapokeo ya sheria ya kiraia ambayo Burundi iliyarithi kupitia utawala wa Ubelgiji yana mizizi katika Kanuni ya Raia ya Ufaransa ya 1804, na kanuni hiyo ilisema mambo mawili yanayofaa kukumbukwa. La kwanza, pasipokuwa na hati ya hali ya nyumba, mpangaji huchukuliwa kuwa aliipokea ikiwa nzima, mpaka athibitishe vinginevyo. La pili, matengenezo yanayosababishwa na uchakavu pekee si mzigo wa mpangaji.

Kwa lugha ya jikoni, hii ina maana kwamba mpangaji anayeingia bila maandishi amejitwika madoa ya aliyemtangulia. Ukurasa mmoja unatosha: kaunta ni ya nini, ina nyufa mangapi na wapi, ukingo uliomeguka una urefu gani, viungo vina rangi gani. Picha za simu zipigwe mchana mbele ya pande zote mbili, na kila upande ubaki na nakala. Yaongezwe pia matumizi yanayokubalika: kama kinu kinaruhusiwa juu ya kaunta, na mbabura ikae wapi. Mwenye nyumba anayepangisha nyumba yenye kaunta ya saruji tupu, kisha akadai fidia ya doa la mawese, anadai kitu ambacho saruji yake isingeweza kukizuia. Afadhali akubaliane tangu mwanzo kwamba kusugua upya ni juu yake, na kumegua ukingo ni juu ya mpangaji.

Doa lenyewe, likiwahiwa, hupungua. Unga wa chaki uliochanganywa na maji ya sabuni kuwa uji mzito hupakwa juu yake, hufunikwa kwa plastiki na kuachwa usiku kucha. Unapokauka huvuta mafuta kutoka ndani, na huenda ukahitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Siki na limau visitumike kusafishia saruji wala granito. Nta ya sakafu nayo haifai juu ya kaunta, kwa kuwa huyeyuka chini ya sufuria na kuingia katika chakula.

Anayeweka vigae anunue vitano au sita vya ziada kutoka boksi zenye namba moja ya kiwandani, na kuvihifadhi ndani ya nyumba hiyo hiyo, juu ya dari au chini ya kaunta. Rangi ya mzigo unaofuata hailingani kamwe na ya mzigo uliopita, hata jina kwenye boksi likiwa ni lile lile.